Fundi wa Makochi na Msuli Uliobaki

Fundi alitengeneza makochi kwa miaka mingi na sikumwona akikalia hata moja. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa Kianda, upande wa kuelekea kituo cha Olympic, na changu kilipakana nacho. Mimi niliuza misumari, gundi na rangi. Yeye alinunua misumari na gundi. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mabati tu, kwa hiyo mengi ninayoyajua juu yake niliyasikia kabla sijayaona.

Wateja walidhani kutokaa ni ufundi. Siku moja alikuja mama mmoja mnene, mtu wa mzaha, kuchukua kochi la watu watatu.

"Fundi, kalia wewe kwanza nione kama haitabonyea."

"Si mimi ninayeipeleka nyumbani. Kaa wewe. Kaa kabisa, usiogope."

"Na ikivunjika?"

"Ikivunjika utakuwa umenisaidia. Afadhali ivunjikie hapa kuliko mbele ya wageni wako."

Mama akakaa. Fundi alisimama kando, mkono juu ya mbao ya nyuma, akimtazama mabega. Alikuwa na imani kwamba mtu aliyekaa vibaya hupandisha mabega bila kujua. Mabega ya yule mama yakashuka, naye Fundi akasema, "Hiyo ni yako, peleka." Alifanya hivyo kwa kila mteja. Kula alikula amesimama. Chai alikunywa ameegemea nguzo. Akichoka sana alilala kifudifudi juu ya magunia nyuma ya kibanda, na tukimwuliza, alisema ni mgongo.

Kazi yake ilikuwa safi mahali ambapo hakuna mtu angeangalia. Mafundi wengi wa barabara ile walificha mbao mbovu chini ya sponji, kitambaa kikafunika kila kitu. Fundi alimpindulia mteja kochi juu chini kabla ya kumwonyesha kitambaa. "Usiangalie maua," alimwambia. "Angalia hapa." Alimwonyesha jinsi mipira iliyokatwa kutoka tyubu za magari ilivyofumwa, mvutano wake ukiwa sawa kila upande, na jinsi gunia lilivyopigiliwa bila mkunjo. Wengine walichoka na somo hilo. Kijana mmoja aliyekuwa anaoa alimwambia, "Buda, mimi nataka tu ikae fiti kwa picha." Fundi alimrudishia pesa zake, akamwonyesha kibanda cha mwenzake kilicho mbele.

Mtu huyo aliyechukia kufichwa kwa mbao alificha mwili wake mwenyewe kwa ustadi ambao sijaona kwa mtu mwingine. Nilitambua hilo polepole, na kwa upande usiofaa, kama walivyotambua watu wengine wa Kianda.

Ilianzia kwenye duka la mboga na sabuni lililokuwa ng'ambo ya njia. Fundi alinunua pale sodo, zile pedi za wanawake, na alizinunua mara kwa mara. Mke wake alikuwa nyumbani, magharibi, akilima. Binti zake walikuwa huko huko na mama yao. Mwenye duka, mwanamke asiyejua kunong'ona, alimwuliza siku moja mbele ya watu:

"Fundi, leo tena? Kwani huyo msichana wako mwezi wake hauishi?"

Fundi alichukua mfuko wake bila kubabaika. "Usijali," alisema. "Ni wawili."

Watu walicheka mpaka wakashika mabati. Kuanzia siku hiyo ilijulikana kwamba Fundi ana wanawake. Baadaye ilijulikana kwamba mmoja anakaa Kabiro, kule Kawangware, kwa sababu mara nyingi alasiri alifunga kibanda mapema na kushika njia ya Kawangware kwa miguu. Hakupanda boda boda. Walisema anatembea ili asionekane akishuka mlangoni kwa huyo mwanamke.

Habari ikafika kanisani. Fundi alikuwa mzee wa kanisa, mmoja wa wale wanaopokea sadaka na kwenda kuombea wagonjwa. Wenzake walimwita, wakamwuliza kwa heshima kama ni kweli. Alichowajibu sikijui, lakini hakukana. Walimwondoa kwenye kazi hiyo, naye aliendelea kwenda kila Jumapili, akisimama nyuma karibu na mlango, mahali wanaposimama waliochelewa.

Jambo hili ndilo lililonishangaza zaidi kuliko yote nilipokuja kujua ukweli. Alikubali kuitwa mzinzi. Aliupima uzinzi na ugonjwa wake, akaona uzinzi ni mzigo mwepesi. Kwa mtaa wetu hakukosea hesabu. Mwanaume mwenye wanawake wawili huchekwa na kusamehewa. Mwanaume mwenye kidonda mahali pa siri husemwa mambo mengine kabisa, jinsi anavyoishi na nani analala naye, na hakuna anayekuja kumwuliza kwa heshima.

Ugonjwa wenyewe nitaueleza wazi, kwa sababu yeye mwenyewe mwishoni aliueleza wazi. Ulianza kama jipu kando ya njia ya haja kubwa. Jipu lilipasuka likatoa usaha, likaonekana kupona, kisha likarudi palepale. Jipu la mahali pale mara nyingi huanzia kwenye tezi ndogo ndani ya njia yenyewe. Usaha hutafuta pa kutokea, ukachimba mfereji mwembamba hadi kwenye ngozi ya nje. Mfereji huo ndio unaoitwa fistula. Mdomo wa nje unaweza kufunga ukadanganya kwamba umepona, huku ndani ukiendelea kulishwa. Nguo hulowa. Ndiyo maana ya zile sodo. Kukaa kunauma, na jipu jipya linapojaa, hata kutembea kunauma.

Kwa muda mrefu hakujua jina hilo. Aliambiwa ni bawasiri, akauziwa dawa ya kupaka. Aliambiwa ni damu chafu, akanywa mizizi iliyochemshwa. Hospitali moja ilipasua jipu ikamwambia amepona. Lilipojaa tena, alienda kwingine, wakapasua mfereji wenyewe na kuuacha wazi upone kutoka chini. Hiyo ni njia nzuri kwa mfereji mfupi ulio karibu na ngozi. Wa kwake haukuwa mfupi, na ulikuwa na tawi ambalo halikuonekana. Kidonda kilipona, mfereji ukarudi, na kitu kingine kikaondoka: kuanzia hapo hakuweza tena kuzuia hewa kila anapotaka. Alinieleza hayo akiwa ananyoosha kitambaa, macho kwenye kazi. "Ile mara ya pili ilikula kitu," alisema. "Haikuniambia itakula."

Aliogopa jambo moja tu tangu siku hiyo, nalo halikuwa kifo wala maumivu. Aliogopa mara ya tatu imalizie msuli uliobaki, aamke hawezi kuzuia haja yenyewe. Ploti aliyokaa, safu ya vyumba vya kupanga, ilikuwa na choo kimoja mwisho wa ujia, na maji ya kununua kwa mtungi. Mtu asiyeweza kuzuia haja hapo hana siri tena, wala hana jirani. Kwa hiyo alipoambiwa apasuliwe tena, alikataa, akatafuta mtu wa kumsafisha kidonda mbali na Kianda. Mwanamke wa Kabiro alikuwa muuguzi mstaafu aliyefungua chumba kimoja cha kufunga vidonda.

Lile jina, fistula, ni huyo muuguzi aliyempa. Nalo lilimtia kwenye mkasa ambao alinisimulia mara moja tu. Alisikia redioni kwamba kutakuwa na matibabu ya bure ya fistula kwa siku kadhaa. Alifunga kibanda, akavaa shati la Jumapili, akaenda. Foleni ilikuwa ndefu na yote ilikuwa ya wanawake. Kwetu neno hilo likitajwa redioni huwa ni la akina mama walioumia wakati wa kujifungua, na yeye hakulijua hilo. Msichana wa kuandikisha alimtazama kwa upole.

"Mzee, umeleta mama?"

"Ndiyo," Fundi alisema. "Anakuja."

Alisimama kando kidogo, kana kwamba anamsubiri, akatazama barabarani mara mbili tatu. Kisha akaondoka. "Kama ningesema ni mimi," aliniambia, "wale wamama wangenihurumia. Hiyo ndiyo singeweza."

Alikuwa mkali kwa vitu vidogo. Hakumwazimisha mtu nyundo yake. Alikuwa mchoyo wa sifa: ukifanya vizuri alisema "imekaa", ukifanya vizuri sana alisema "imekaa" vilevile. Lakini aliwatengenezea viti wazee wa mtaa wasiojiweza, akaweka sponji nene upande wa mapaja na nyembamba katikati, na mimi nilidhani ni makosa ya kipimo. Alijua mahali mtu anapoumia akikaa.

Uvumi ulisafiri mpaka nyumbani kwake. Asubuhi moja mwanamke mwembamba, mwenye leso kichwani na mfuko wa safari begani, alisimama mbele ya kibanda. Fundi alikuwa amepiga goti akipigilia gunia.

"Umeamkaje?" mwanamke alisema.

Fundi aliinua kichwa. Misumari ilikuwa mdomoni mwake. Aliitoa mmoja mmoja akaiweka kwenye kopo.

"Mbona hukusema unakuja?"

"Na wewe mbona hukusema umeoa?"

Mwenye duka wa ng'ambo alitoka nje akaanza kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

"Sikuja kupigana," mke wake alisema. "Nataka tu unipeleke Kabiro nimwone. Kama ananishinda, nijue ananishinda na nini."

Nilisubiri akane. Hakukana. Alifunga kibanda, akambebea mfuko, wakashika njia kwa miguu wote wawili, Fundi mbele. Yaliyotokea huko aliyenisimulia ni mke, baadaye, akicheka na kupangusa macho kwa pamoja. Fundi alibisha mlango wa bluu. Akafungua mwanamke mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, glavu mkononi.

"Huyu ndiye mwanamke wa Kabiro," Fundi alimwambia mke wake.

Muuguzi alimtazama mgeni toka juu hadi chini. "Kumbe ana bibi? Nimekuwa nikimwambia alete mtu anishikie tochi, ananiambia hana mtu. Nawa mikono, mama, uingie."

Alinawa. Alishika tochi. Aliona kile ambacho mume wake alikuwa amekificha kwake kila alipoenda nyumbani kwa Krismasi, akilala na nguo mbili na kusema ni baridi. Aliniambia kwamba alipokiona hakusikia kinyaa, alisikia hasira. "Nimeomba Mungu amlaani mwanamke," alisema, "na mwanamke mwenyewe ni kidonda." Hakurudi nyumbani tena isipokuwa kutembea. Alibaki.

Muuguzi aliwaambia ukweli: yeye anaweza kusafisha, hawezi kuponya. Akawapa jina la kliniki ya hospitali kubwa inayofanyika Jumatatu, yenye daktari anayeshughulika na magonjwa hayo hasa. Ndipo Fundi naye akanieleza yote, akaniomba niende nao. "Wewe unapenda kuuliza," aliniambia. "Mimi nikiingia kwa daktari naitikia tu."

Daktari alikuwa mwanamke mtulivu mwenye sauti ya chini. Hakugusa kisu. Kwanza alitaka picha ya MRI, ili aone mfereji unapita wapi na una matawi mangapi, kwa sababu, alisema, fistula inayorudi mara nyingi inarudi kwa tawi lililoachwa. Alitaka pia kipande kidogo cha nyama kipimwe, hasa kifua kikuu, ambacho kinaweza kukaa hata huko, na damu ipimwe sukari na virusi. Majibu yalikuja bila ugonjwa mwingine. Picha ilionyesha mfereji unaopenya msuli mahali pa juu, na tawi moja pembeni.

Alitueleza njia zilizopo, moja moja, akitumia kiganja chake kilichofumbwa kuwa msuli. Kupasua mfereji wote ndiko kunakokausha vizuri zaidi, lakini kwa mfereji wa juu hivyo, kwa mtu ambaye tayari amepoteza kiasi, kunaweza kumwacha hawezi kuzuia haja. Kuna uzi unaopitishwa ndani ya mfereji na kufungwa kwa kulegea. Haukati kitu, unaacha usaha utoke ili majipu yasijae, na mtu anaweza kukaa nao miezi, wengine miaka, ingawa wenyewe hauzibi tundu. Kuna uzi unaokazwa polepole mpaka ukate. Nao pia unakata msuli, ila taratibu. Kuna gundi na vizibo vinavyoingizwa ndani. Haviumizi msuli, lakini mara nyingi hutoka au hushindwa. Kuna kuvuta kipande cha ngozi laini ya ndani kufunika tundu la ndani. Kuna kuingia katikati ya msuli wa ndani na wa nje, kuufunga mfereji hapo na kuukata, bila kukata msuli wenyewe. Kuna kuuchoma mfereji kwa miale kutoka ndani, mahali penye mashine hizo. Kwa wale walioshindikana kabisa, kuna kutoa haja kwa mfuko tumboni kwa muda, ili huko chini kupumzike.

"Hakuna hata moja ninayoweza kukuahidi," alimaliza.

Nilikuwa na maswali yangu tayari. Fundi alinitangulia, naye hakuwa ameitikia hata mara moja.

"Daktari, niambie hivi. Ni gani ambayo ikikataa, nitabaki na kile niko nacho leo?"

Daktari alifumbua kile kiganja. "Hilo ni swali zuri," alisema. "Uzi uliolegea kwanza, mpaka tawi likauke. Halafu kufunga katikati ya misuli. Ikikataa, mara nyingi unarudi karibu na ulipoanzia. Mara nyingine mfereji unaorudi huwa mfupi, rahisi kutibu."

"Basi imekaa," Fundi alisema.

Fundi na mke wake wakahamia Kabiro, kwenye ploti yenye maji ndani ya ua na choo cha nyumba chache, karibu na muuguzi. Kibanda cha Kianda alikiacha kwa fundi mwingine. Uzi ulikaa miezi mingi. Mke wake alipasha maji ya chumvi asubuhi na jioni, naye akakalia beseni la maji hayo kwa utiifu wa mtoto. Majipu yaliacha kujaa. Kisha akafanyiwa ule upasuaji wa kufunga mfereji, akatoka salama.

Nilimtembelea mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Alikuwa mlangoni akilainisha mguu wa kochi kwa msasa, amesimama, mguu wa mbao umebanwa mezani. Mke wake alikuwa anaanika nguo kwenye kamba iliyovuka ua. Fundi aliniambia kabla sijauliza.

"Tundu la nje limefunga kabisa. Lakini imebaki kidogo, pale pa kidonda cha upasuaji. Inatoa maji."

"Daktari anasemaje?"

"Mwambie yote," mke alisema kutoka kwenye kamba. "Usimpe nusu."

"Anasema iliyobaki ni fupi, haipiti tena msuli wa nje. Anasema sasa inaweza kupasuliwa wazi. Hatari ni ndogo."

"Sasa unangoja nini?" niliuliza.

"Muulize," mke alisema. "Mimi nimeuliza mpaka nikachoka. Jirani, wewe umeulizauliza hayo mambo. Hatari ni ndogo ama si ndogo?"

"Kwa fupi namna hiyo ni ndogo," nilisema. "Lakini ipo."

"Umesikia?" Fundi alisema. "Ipo."

"Yeye amesema ndogo, wewe umesikia ipo. Hivyo ndivyo nimekaa na wewe miaka yote."

Nilicheka. Fundi hakucheka. Aliweka msasa mezani, akapangusa vumbi la mbao kwenye vidole.

"Ile mara ya pili pia waliniambia ni kitu kidogo," alisema. "Huo msuli ukienda haurudi. Sasa hivi natoa maji kidogo, naweka kitambaa, natembea. Ukienda, sitaingia kwa nyumba ya mtu. Sitaenda matanga. Hata kanisa sitaweza kusimama hapo nyuma. Na wewe utanichoka."

Mke wake aliacha kuanika. Mkononi alikuwa na suruali ya ndani iliyokunjwa, maji yakidondoka.

"Mzee, hizi nguo nani anafua?"

"Ni wewe."

"Tangu nije, nani anafua?"

"Ni wewe."

"Za usaha, za damu, na zile za siku ulikunywa dawa ya kuendesha. Umewahi kunisikia nikisema nimechoka?"

"Sijasikia."

"Basi. Ukienda na ikatae, nitafua. Usipoenda, bado nafua. Hiyo ya kufua itoe kwa hesabu yako, si yako, ni yangu. Sasa niambie kile kingine unaogopa."

Fundi alitazama mguu wa kochi uliobanwa mezani, kama mtu anayetafuta mahali palipobaki kukwaruza, na hapakuwa na mahali. Mke wake alirudi kwenye kamba, akaitandaza ile nguo juani, mbele ya majirani wote, akaibana kwa vibanio viwili.

"Jirani," Fundi aliniambia hatimaye. "Ile kliniki bado ni Jumatatu?"

"Bado ni Jumatatu."

"Asubuhi?"

"Asubuhi. Nikupitie?"

Alitikisa kichwa.

"Wewe fungua duka lako," alisema. "Nitaenda na huyu."